Vita Yangu na Rula Juu ya Neva Moja

Jumatatu, 3 Machi
Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi. Miaka mitatu nimeikalia modeli yangu: milinganyo mitatu inayoonyesha jinsi neva moja ya ubongo inavyopiga umeme. Leo grafu yangu imepagawa. Mpigo mmoja, kimya, mipigo minne, kimya kirefu, miwili. Haijirudii kamwe! Vurugu halisi ya kihisabati, ile niliyoitafuta! Mwenzangu wa ofisini, tunayemwita Rula kwa sababu hata ukingo wa meza anaupima, akachungulia kioo cha kompyuta yangu. Eti hiyo si vurugu, ni kosa la hesabu. Eti hatua zangu za hesabu, yaani vipande vya muda kati ya jibu moja na jingine, ni kubwa mno. Kisha akanigusa bega. "Pole, kaka." Pole! Kwani nimefiwa?

Jumanne, 4 Machi
Mama Mkuu wa idara katuita. Kongamano lina nafasi moja. Atakayewasilisha vizuri Ijumaa ndiye atakwenda, na ndiye atapewa ajira ya kudumu. Rula anatumia milinganyo ileile, ila yeye huingizia neva yake umeme kidogo, nayo hupiga tiki, tiki, kama saa ya ukutani. Inachosha! Mama Mkuu kamsifu kwa unadhifu. Mimi kaniambia nichane nywele.
Mke wangu kashauri nirudie hesabu kwa hatua ndogo, nijue moja. Kazi ya saa moja tu. Nikamjibu kwamba sirudii ninachokijua tayari. Akaniambia basi nirudie kuosha vyombo, maana vile vya jana bado vina mafuta.

Jumatano, 5 Machi
Dawa ya Rula nimeipata! Rula kaenda kufundisha mwaka wa kwanza, kaacha kompyuta wazi. Kiasi chake cha umeme: 1.270. Nikakifanya 1.271. Sijaiba, sijafuta. Nimeongeza moja kwenye desimali ya tatu! Grafu yake itayumba kidogo, Mama Mkuu atauliza, Rula atababaika. Nimerudi kitini nikajifanya natafuta raba.

Alhamisi, 6 Machi
Rula kakodolea macho kioo tangu asubuhi. Chai hakunywa. Mara nne kashika kichwa. Safi kabisa! Nimekunywa chai yake.

Ijumaa, 7 Machi
Sitaki kuandika. Naandika kwa hasira.
Rula kasimama mbele ya idara nzima, kaonyesha grafu. Mpigo mkubwa, kisha vitetemo vidogo vitano. Mkubwa tena, vidogo vinane. Kisha vitatu. Haijirudii! Kasema hakuitarajia; juzi neva yake ilikuwa shwari, na hajui nini kimeisukuma. Lakini karudia hesabu mara kumi na moja, kila mara kwa hatua ndogo zaidi, na vurugu ikabaki palepale. Mama Mkuu kainuka kitini. Watu wakapiga makofi. Vurugu YANGU inapigiwa makofi mikononi mwa Rula!
Damu ikanichemka. Nikasimama. "Hiyo ni yangu! Namba niliibadilisha mimi!"
Mama Mkuu akauliza taratibu, "Umebadilisha kwenye kompyuta ya nani, mwanangu?"
Sijawahi kuchukia neno mwanangu kiasi hicho.
Rula hakugomba. Bora angenizaba kofi! Kasema tu kwamba labda na mimi nilikuwa sahihi Jumatatu, tupime. Hesabu yangu ikarudiwa pale pale, kwa hatua ndogo. Dakika sita. Idara nzima imekodoa macho.
Tiki, tiki, tiki. Kama saa ya ukutani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimehamishiwa chumba cha chini, kwa fundi wa maabara ya baiolojia, mama mmoja mkali anayepima neva za konokono. Rula anakwenda kongamanoni. Kwenye makala yake kanishukuru "kwa msaada usiotarajiwa". Ushenzi! Mama Mkuu anadai barua ya kuomba radhi. Nimeandika kurasa nne, zote za malalamiko.
Mke wangu kauliza nimejifunza nini. Nimemjibu: kufunga mdomo baada ya kugusa kompyuta ya mtu. Kanisukumia beseni la vyombo.
Sasa huyu fundi naye kaanza. Kasukuma kiti changu karibu na sinki, eti konokono wake wanahitaji nafasi kuliko mimi. Kisha kajigamba kwamba neva zao hupiga kwa utulivu mwaka mzima, kwa kuwa maji anayaweka kwenye joto lilelile kila siku.
Kesho saa nne atakwenda kunywa chai. Kitufe cha joto nimeshakiona. Nitapandisha nyuzijoto moja. Moja tu! Konokono hawasemi.