Ndani Nne, Nje Sita

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa ubaoni. Waendesha kreni wote tupimwe moyo Alhamisi. Atakayeshindwa anashushwa chini kufagia ghala. Moyo wangu unakimbia bila kufukuzwa tangu Desemba. Mke wangu nimemwambia ni chai. Kidevu, msaidizi anayenipa ishara kutoka chini, amesoma tangazo mara mbili, kisha akakitazama kiti changu kule juu. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu imepatikana. Nimemuuliza binti yangu, anayesomea uuguzi, eti kwa niaba ya rafiki. Kasema ukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa sita, moyo hupunguza mwendo na mwili hulegea. Kaongeza kwamba huo ni utulivu tu, si tiba, na huyo rafiki aende hospitali. Hapo hapakunihusu. Nimejipima kwa saa yake: kutoka mia na tisa hadi themanini na moja!

Jumatano, 5 Machi

Mezani mke wangu kamtaja baba yangu, aliyefia kwenye kiti, kijiko mkononi, akiwa na miaka hamsini na mbili. Mimi nina hamsini na moja. Nimemjibu kwamba mzee hakujua kupumua. Kaacha chakula, kaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Waya kifuani. Ndani nne, nje sita. Sabini na mbili. Daktari kauliza kama moyo huwa unaenda mbio. Nikasema haujawahi. Muhuri! Nimempita Kidevu nikipiga mluzi.

Jumatatu, 10 Machi (imeandikwa Jumanne, wodini)

Mabomba ya chuma yalikuwa yananing'inia, watu wanne chini yake. Moyo ukaanza. Ndani nne, nje sita, ndani nne. Giza. Kidevu kapanda ngazi yote, kanisogeza, kashusha mzigo taratibu, kanishika hadi zimamoto walipofika. Niliogopa sana.

Jumatano, 12 Machi

Daktari kasema ugonjwa wenyewe una dawa, na ningesema kweli Alhamisi ningeanza kuzimeza siku ile ile. Sasa moyo umechoka zaidi. Binti yangu kanishika mkono, analia. Kidevu amepewa kiti changu. Kaleta machungwa, ili ninogewe na kitanda.

Kesho saa tatu daktari anakuja kusoma mashine. Nimeshaanza mazoezi. Ndani nne, nje nane.