Hewa Changamfu

Umma ulitangaziwa kwa furaha kuu kwamba nchi haitapata tena dhoruba. Mkurugenzi wa Hali ya Hewa alikuwa amelifuta neno lenyewe. Watu wakilisikia redioni presha zinapanda, wawekezaji wanafungasha. Ya nini yote hayo?

Zamani mambo yalikuwa ovyo jamani. "Angalizo" maana yake dhoruba huenda ikaja, jiandae. "Tahadhari" maana yake inakuja, kaa ndani. Mwananchi na shida zake zote, abebe na tofauti hizo? Mkurugenzi, kwa huruma yake, akayafuta yote akaweka moja: hewa changamfu. Anayetaka kutamka jingine aombe kibali kwa Kamati ya Kutuliza Upepo, mwenyekiti akiwa yeye mwenyewe.

Jumamosi alimwoza bintiye, kitinda mimba, roho yake. Turubai likasimamishwa uwanjani, Kamati ikakaa mbele pamoja na Waziri. Redio ikatabiri hewa changamfu. Kufika saa tisa, mawingu meusi tii.

"Baba watoto," mkewe akamnong'oneza, "tuwahamishie watu ukumbini?"

Mkurugenzi akatoa simu. Akampigia mtabiri wa zamu. "Hebu niambie, ni angalizo au tahadhari?"

"Hewa changamfu, bosi."

"Acha masihara! Mwanangu yuko chini ya turubai!"

"Hongera sana, bosi. Ila nikitamka bila kibali, si utanifukuza kama mwenzangu wa juzi?"

"Nakupa kibali!"

"Peke yako, bosi? Kanuni inataka Kamati nzima."

Akawakusanya wajumbe nyuma ya meza ya keki. Katibu akauliza ajenda iko wapi. Mjumbe mmoja akaulizia posho ya kikao. Maji yalipomfika shingoni, Mkurugenzi akanyakua kipaza sauti: "Dhoruba! Kimbilieni ukumbini!"

Wageni wakacheka na kupiga makofi. Kumbe mzee mcheshi hivi! Hakuinuka hata mmoja.

Lo! Turubai likang'oka na nguzo zake, keki ikaruka. Mkurugenzi akajikuta chini ya meza pamoja na bintiye na Waziri, wote chapachapa, wazima.

"Mkurugenzi," Waziri akasema akijipangusa matope, "kuanzia kesho utakuwa na mapumziko changamfu."

"Yaani, Mheshimiwa... yaani vipi?"

"Baba, umefukuzwa," bintiye akasema huku akikamua shela. "Haya, twende ukumbini."