Kuyu za Zaire

Hadi leo Gordon Ouma hukiri, bila kubanwa na polisi yeyote, kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye. Tena mjinga aliyevaa kizibao.

Alianza vizuri lakini. Wakoli, dereva wa lori la mbao za Zaire, alimwachia kizimba chenye kasuku wawili wa msituni, wadogo kuliko kiganja, kijani kibichi, na shingoni ukanda mweusi kama kola ya kasisi.

"Hawa hukaa juu kabisa ya miti," Wakoli alimwambia. "Hata wawindaji huwasikia tu. Na hawali mtama, hawali mahindi. Mbegu za kuyu basi. Ukiwanyima, unawazika."

Mtu mwingine angesikia huzuni. Gordon alisikia biashara. Ndege huuzwa mara moja, tumbo lake huuzwa kila wiki.

Na alihitaji biashara. Mwisho wa mwezi alikuwa amuoe Dorca kanisani Ahero, na mjomba wa Dorca alishatangaza kwamba hamkabidhi binti kwa mwanamume asiye na suti. Gordon hakuwa na suti. Alikuwa na mdomo.

Akaupeleka mdomo huo, pamoja na kizimba, kwa Mama Kanchan, Mhindi fundi wa nguo pale Kisumu. Alimkuta akivuta uzi mmoja tu, na mkono mzima wa koti la mteja ukadondoka mapajani.

"Mama, umeharibu!"

"Nimeharibu nini? Ilikuwa imeshikizwa tu, ipimwe. Kushona ni baadaye. Hiyo ndege gani?"

"Wafalme wa Zaire, Mama. Nakuachia. Ila wanakula unga wa kwao tu, na mwenye kuupata hapa Kisumu ni mimi. Kopo la kwanza, nishonee suruali. La pili, kizibao. La tatu, koti."

Wale ndege walikuwa wamebanana wakinong'onezana kama maharusi. Moyo wa Mama Kanchan ukalainika.

"Leta unga."

Zaire yenyewe ilikuwa nyuma ya hekalu la Wahindi, mwendo wa kutafuna muwa mmoja: mkuyu mnene uliozaa hadi kwenye shina. Gordon alizikwangua kuyu pale pale shinani, akazianika, akazitwanga. Shina lilikuwa limezungushiwa nyuzi nyekundu. Mkristo huyu mwema akadhani ni mapambo ya sherehe iliyokwisha.

Siku chache baada ya kopo la kwanza, suruali ikatoka. La pili likazaa kizibao. Gordon akavifungia sandukuni, visichakae kabla ya kanisa. Ndege nao wakanenepa.

Siku moja kabla ya harusi akavivaa kwa mara ya kwanza, akaingia dukani na kopo la tatu, ananukia sabuni, anatembea kama diwani. Koti lilining'inia ukutani. Mama Kanchan hakuligusa. Alimwaga unga mezani, akachokora, akainua kipande cha uzi mwekundu chenye fundo.

"Hii pia imetoka Zaire?"

"Huko nako kuna uzi, Mama."

"Na fundo yangu iko Zaire? Kila asubuhi nazunguka ule mti naomba Mungu, nafunga uzi na mkono yangu. Kopo ya kwanza ilikuwa na uzi. Ya pili, uzi. Mimi nanyamaza, ndege ikule."

"Kama mti ni wa Mungu, Mama, hata mimi ni mtoto wake!"

"Sawa, mtoto wa Mungu. Kuyu nitaokota mwenyewe. Koti hapana."

Gordon aliuona kichwani uso wa mjomba wa Dorca. Akapaza sauti hadi wauza samaki wa omena waliokuwa nje wakajaa mlangoni.

"Tulipatana! Bila koti, nachukua ndege zangu sasa hivi!" Akakisogelea kizimba pale sakafuni, mikono mbele.

"Chukua," alisema Mama Kanchan, akitunga uzi kwenye sindano. "Lakini inama polepole, bwana harusi. Hiyo suruali sijashona. Nimeshikiza tu."