Mkono wa Babu wa Mkurugenzi

Ifahamike kwa umma wote wa mji wa Oudermeer kwamba Kamati ya Kumfasiri Mtu Mmoja imekamilisha awamu ya kwanza ya kazi yake kwa mafanikio makubwa: imethibitisha kwamba mtu huyo ni mmoja.

Mtu mwenyewe alichorwa kwa wino zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Amesimama upande, kofia ameificha mgongoni, shingo ameigeuza kutazama nyuma, na mkono wa kulia ameunyoosha kuelekea kitu ambacho mchoraji hakukichora. Jina hana. Tjitske, mtunza michoro wa makumbusho, alimbandikia maneno matatu: "Mtu wa kawaida." Alimpenda hivyo hivyo. Jumba zima limejaa mameya na majenerali. Huyu peke yake ndiye aliyemkumbusha marehemu baba yake, muuza samaki.

Mkurugenzi, Bwana Diederik van Wulven, hakuridhika. Aliitazama pua ya mchoro, akaigusa yake, akatangaza kwamba huyo ni babu wa babu yake, meya, akiupokea muhuri wa mji. Kofia mgongoni ni unyenyekevu wa kiuongozi. Shingo iliyogeuka ni kuwajali wananchi walioachwa nyuma kimaendeleo. Wajumbe wakaandika, na kibandiko cha Tjitske kikabanduliwa.

Lakini Oudermeer halipitishwi jambo mpaka wote wakubali, hata liwe rangi ya mlango wa choo. Tjitske alikataa. Vikao vikafuatana, na kila kikao kahawa moja na biskuti moja, kisha kopo la biskuti linafunikwa, maana huko anayechukua ya pili husemwa mpaka kaburini.

"Dada Tjitske," mkurugenzi akamwambia kwa sauti ya asali, "idara ya vijiko, kule chini, haina mtu."

"Mheshimiwa, huyo jamaa anadokoa kitu. Mtazame macho."

"Ukoo wetu haujawahi kudokoa."

Tjitske akapewa mpaka siku ya uzinduzi wa mchoro: akubali, la sivyo ahamie kwenye vijiko.

Siku ikafika. Wageni wakala biskuti zao mojamoja, kopo likafunikwa. Tjitske akasimama mbele ya mchoro, roho inamuuma, tayari kusalimu amri. Macho yote yalikuwa kwake. Ndipo Bibi Hendrikje, mjumbe mkongwe kuliko wote, aliposikia kifuniko cha bati kikilia nyuma yake. Akageuka. Ukumbi mzima ukageuka.

Mkurugenzi alisimama upande, kofia ameificha mgongoni, shingo ameigeuza kuangalia kama kuna anayemwona, mkono wa kulia umezama kwenye kopo.

Hakuna aliyecheka. Watu wa Oudermeer hawacheki nje ya ajenda. Waliutazama mchoro, wakamtazama bwana mkubwa, wakaurudia mchoro.

"Maji hufuata mkondo," Bibi Hendrikje akasema. "Mwanangu, tulikuonea bure. Kweli ni babu yako."

Tjitske akainua mkono. "Naondoa pingamizi langu. Iandikwe leo hii, kwa herufi kubwa, pamoja na jina la ukoo."

"Ngoja kwanza," mkurugenzi akasema, biskuti ingali mkononi. "Tusiharakishe mambo. Mimi nikimtazama vizuri, naona ni mtu wa kawaida tu. Hata pua hatufanani."

Bibi Hendrikje akauliza kama kuna anayepinga. Hakuna. Tjitske akakitoa mfukoni kibandiko chake cha zamani, akakibandika pale pale kilipokuwa. Kisha akaenda kulifunika kopo.