Dawa ya Jabiri Yapimwa Korogwe

Jumatatu, 9 Juni
Mtafiti wa amiba kaingia Mkata! Dokta Loyce, kutoka Korogwe. Kaweka hadubini kwenye ofisi ya kata, anapima choo cha watu na maji wanayokunywa, kisha anagawa vidonge. Bure! Na mimi je, Jabiri, niliyeuza Dawa ya Amiba ya chupa hapa stendi mwaka mzima? Baya zaidi, jana nilimposa Mwaija wa chapati, akanijibu kwamba ataolewa na mtu mwenye kazi ya kueleweka. Sadala wa bodaboda alikuwa pale pale, akacheka mpaka akakohoa. Sawa. Nikipata kibali cha dokta, nimempata Mwaija.

Jumanne, 10 Juni
Nimetengeneza dawa mpya ya kumpelekea dokta. Kazi safi! Maji ya lambo, unga wa mbegu za mlonge, nakoroga kama alivyonifundisha bibi, tope linatua chini. Maji meupe pee! Nachuja kwa kipande cha kanga, natia mizizi, naonja. Huwa naonja kila ndoo. Nikampelekea Mwaija chupa mbili, zawadi. Maskini, anakunywa dawa yangu tangu Aprili na tumbo haliponi. Amiba wake ni wakaidi mno. Kasema asante, tena kanitazama! Sadala alikuwa anaziba pancha, hakuambulia kitu.

Jumatano, 11 Juni
Nilimwamkia dokta shikamoo, ingawa naweza kumzaa. Akaona haya, akaniamkia na yeye. Nikamwomba aipime dawa. Akauliza kama maji nayachemsha. Nikamweleza kwamba kuchemsha ni kwa wenye maji ya tope. Akasema chupa itaenda maabara Korogwe. Mtu mmoja kwenye foleni akanong'ona kwamba nauza maji ya lambo. Uongo! Na mlonge je? Nikafungua chupa nyingine, nikainywa yote mbele yao. Wakapiga makofi. Ushindi!

Jumamosi, 14 Juni
Tumbo. Siandiki sana. Choo chetu nakijua, sasa nakijua na cha jirani. Nimejiongezea dozi ya dawa yangu. Mambo yamezidi.
Nikiwa njiani kurudi kwa jirani, nikamwona Sadala kampakia Mwaija, anampeleka kwa dokta. Mwaija kamshika kiuno! Hilo limeniuma kuliko tumbo.

Jumatatu, 16 Juni
Majibu yamekuja. Dokta kaniita pembeni, mstaarabu kweli. Kasema mlonge unatuliza tope, lakini amiba wanabaki mle mle kwenye maji meupe, na jicho haliwaoni. Nikainamia hadubini. Vidude vya mviringo, tele! Kasema chupa zangu ndizo zinazomrudishia Mwaija ugonjwa kila anapotaka kupona. Na mimi ninao. Kanipa vidonge, kanisisitizia nivimalize hata nikijisikia mzima.
Niliona aibu ya kweli. Mwaija wangu, tangu Aprili! Nikaenda kumwomba radhi. Hakunitukana. Aligeuza chapati yake, akasema nianze kuchemsha maji, halafu ndiyo nije na habari za ndoa. Kumbe mlango uko wazi! Sadala alikuwa anakula pale, chapati ikamkwama.

Alhamisi, 19 Juni
Vidonge vina ladha ya msumari, lakini tumbo shwari. Leo nilibandika sufuria nichemshe maji. Kuni mbichi, moshi, macho yanachuruzika. Nusu ya siku, hata povu hakuna! Nikaipua.
Ndipo heri ikanijia. Dokta kapita, kaziomba chupa zangu zote zilizobaki. Kasema anafundisha vijana kuwatambua amiba, na hajapata mahali pengine wanapopatikana kwa uhakika kama kwangu. Kwa uhakika! Maneno yake mwenyewe. Sadala kasikia, kacheka mpaka kaangusha pikipiki. Wivu huo.
Nimeazima rangi, nimeandika ubao mpya: DAWA YA JABIRI. IMEPIMWA KOROGWE. WATAALAMU WANAITAFUTA. Kesho nautundika mkabala na chapati za Mwaija. Kama hiyo si kazi ya kueleweka, ni ipi?
Maji nimeshateka lamboni. Kuhusu kuchemsha, nimewaza sana, nikaona moto utaua nguvu ya dawa. Badala yake nimetia mlonge mara mbili.