Malalamiko ya Kupatanishwa na Dada Yangu Hemani Bila Ridhaa Yangu

Horace Akroyd,
Nyumba Na. 14, Mtaa wa Mfereji,
Todmorden, Uingereza.
4 Oktoba 2006

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Usalama wa Safari za Anga,
London.

YAH: KUPATANISHWA KWA NGUVU, TAREHE 11 NA 12 AGOSTI

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea shukrani zangu. Mimi ni mtu mzima wa miaka sabini na miwili, nasoma magazeti, na naelewa kwamba Agosti iliyopita walikamatwa watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege angani kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kukamatwa kwao nakuunga mkono kwa dhati. Sina ugomvi na kuokolewa. Ugomvi wangu ni na siku tuliyookolewa, namna tulivyookolewa, na mtu niliyeokolewa naye.

Nilifanya kazi miaka thelathini na minane katika idara ya mabasi ya wilaya yetu, nikipanga ratiba. Hilo nalitaja si kwa kujisifu, bali uelewe kuwa nikilalamikia ratiba najua ninachosema.

Mtu mwenyewe ni dada yangu, Enid, ambaye ni mdogo wangu kwa miaka mitatu. Tangu tulipomzika mama mwaka 1997 tulikuwa hatusemezani. Piano ya mama ilisimama koridoni, nami siku ya mazishi nilikataa katakata kuisogeza, kwa kuwa hakuna aliyejua kuisogeza bila kuiharibu. Jeneza likapitishwa dirishani, mama mwenyewe akiwa ndani, majirani wote wakitazama. Wiki iliyofuata nilikwenda Morecambe kupunga upepo wa bahari. Niliporudi, piano haipo. Enid alikuwa ameigawa kanisani.

Tangu hapo tukaishi kwa ratiba. Sokoni yeye Jumanne na Ijumaa, mimi Jumatatu na Alhamisi. Maktaba ni yangu asubuhi, yake mchana. Kanisa nilimwachia lote. Kwa miaka tisa, katika mji ambao ukipiga chafya stesheni mtu wa kwenye daraja la mfereji anakwambia "afya," hatukukutana uso kwa uso hata mara moja. Naomba ofisi yako ijiulize kama imewahi kuendesha jambo lolote kwa ufanisi wa namna hiyo.

Mwezi Julai kaka yetu mkubwa, Wilf, alipiga simu kutoka Halifax. Namaanisha Halifax ya Kanada. Angekuwa amehamia Halifax hii ya jirani yetu ningepanda basi, nami nisingekuwa na haja ya kukuandikia. Alisema daktari amempa miezi ya kiangazi tu, vuli hakumwahidi.

"Njooni wote wawili," alisema. "Akija mmoja, nitamrudisha."

Kwa msaada wa mke wa mchungaji, aliyepeleka vikaratasi huku na huku, tulikubaliana hivi: Enid angeruka Alhamisi tarehe 10, mimi Ijumaa tarehe 11. Kule, yeye angekaa na mgonjwa asubuhi, mimi jioni. Wilf angetuona sote wawili, na sisi tusingeonana. Ilikuwa ratiba safi kuliko zote nilizopata kupanga maishani.

Ndipo mkaingia ninyi. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. SIKU. Mwaka una siku mia tatu sitini na tano, na mlichagua Alhamisi ya Enid. Ndege yake ikafutwa, pamoja na nyingine nyingi. Akabaki uwanjani. Ijumaa nikafika mimi, mapema kwa saa tano nzima, suti imepigwa pasi, nikaambiwa nisiingie ndani bali nielekee kwenye hema. Lilikuwa hema kubwa jeupe kama la harusi, ila hakuna aliyetabasamu, na mvua ilikuwa inapenya kwenye kona.

2. MFUKO. Mlangoni walipokea sanduku langu, kisha nikapewa mfuko wa nailoni unaoonyesha kila kitu, nikaambiwa nitie humo vile tu ninavyohitaji safarini. Nilitia pasipoti, pochi, miwani, mafuta ya mahali ambapo siwezi kupataja katika barua rasmi, na chupa ya jemu ya plamu ambayo Wilf aliiagiza. Watu mia nne walijua ninakowashwa kabla hawajajua jina langu.

3. JEMU. Ofisa mmoja, mama mpole kwa sura, aliishika chupa akaiinua kwenye mwanga.

"Mzee wangu, vimiminika haviruhusiwi."

"Binti yangu," nikamwambia, "hii ni jemu."

"Jemu ni kimiminika."

Nilimwomba kwa adabu aiinamishe chupa ajionee mwenyewe kwamba haisogei. Akaiinamisha. Ikasogea kidogo. Nilikuwa naanza kumweleza habari ya joto la mwezi wa Agosti, mara nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka tisa.

"Afande, usimsikilize huyo. Jemu yake haijapata kuganda tangu azaliwe. Mpe glasi, anywe."

Mheshimiwa, hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya dada yangu tangu mwaka 1997, na hakuyasema kwangu. Alikuwa anatoa ushahidi.

4. KUANDIKISHWA KUWA NDUGU. Ofisa alitutazama, kisha akauliza kama tunafahamiana. Tulijibu "Hapana" kwa pamoja. Akachukua pasipoti zetu.

"Akroyd," akasoma. "Akroyd. Todmorden. Todmorden."

"Kwetu akina Akroyd ni wengi," alisema Enid, ambaye hakuolewa, kwa hiyo jina analo lile lile.

"Na hiyo pua nayo ni ya wengi?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Ofisa akatubandika vifuani karatasi za njano zilizoandikwa FAMILIA, akasema amri iliyotoka juu ni kwamba familia zisitenganishwe, zikae pamoja na zisafiri pamoja. Nilimweleza kuwa sisi tumejitenganisha wenyewe tena kwa jasho. Akajibu, "Mzee, leo hapa kila mtu ana shida zake," akatuonyesha viti viwili vilivyoshikana kwa chuma. Naomba kujua ni sheria gani inayoruhusu serikali kumrudishia mtu dada aliyekwisha kuachana naye.

Jemu tuliambiwa tuitupe au tuile. Enid aliomba kijiko cha plastiki kwa watu waliokuwa wakigawa chai. Tuliila tukitazama mbele, kijiko kimoja, kwa zamu. Kwa zamu ya nne hivi akasema, "Sukari umepunguza." Nikasema daktari amenikataza. Akauliza daktari gani. Ndivyo mazungumzo yalivyoanza, na mimi siku hiyo sikuwa nimejiandaa kwa mazungumzo.

4(b). (Hili nilitaka kuliweka chini ya MFUKO lakini nilikuwa nimeshaandika namba.) Enid naye alikuwa na mfuko wake unaoonyesha kila kitu, ameupakata. Ndani nikaona vidonge. Navijua vile vidonge. Ndivyo alivyokuwa akimeza baba alipougua moyo. Nikamuuliza tangu lini. Akasema huu mwaka wa nne. Nikamuuliza kwa nini sikuambiwa. Akasema, "Ungeambiwa siku gani, Horace? Jumatatu au Alhamisi?"

Mheshimiwa, kama dada yangu angekuwa amebeba mkoba wake wa ngozi, kama mwanamke yeyote wa heshima anavyoruhusiwa siku za kawaida, mimi hadi leo nisingejua lolote na ningekuwa nalala vizuri.

5. PIANO. Tulikaa hemani saa kumi na tisa. Binadamu hawezi kukaa saa kumi na tisa karibu na Enid Akroyd bila piano kutajwa. Ilitajwa saa ya sita. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka, kwa mpangilio, yenye tarehe. Mama mmoja wa Bradford aliyeketi mbele yetu na mtoto mchanga, ambaye alikuwa ametoka kulazimishwa kuonja maziwa ya mwanawe mbele ya ofisa, aligeuka akauliza, "Samahani wazazi wangu, kwani hiyo piano iko wapi sasa?"

"Kanisani," alisema Enid. "Imekaa chini ya dirisha, kila Jumapili. Nilijua huyu hakosi kanisani. Nikasema nikiiweka kule ataiona, atakaa, atapiga, atanisamehe. Ndiyo kwanza akaacha kuja kanisani."

Yule mama alinitazama. Sikupenda alivyonitazama.

Kisha Enid akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba usiku uliopita alipokuwa peke yake hapo hemani alisikia watu wakieleza kile wale waliokamatwa walichotaka kukifanya, na kwamba ilikuwa kwa ndege za kuvuka bahari kama yake. "Nikawaza, Horace, ningelipuka juu kule, halafu wewe usome gazetini, halafu Jumanne uende sokoni kwa sababu sasa siku hiyo iko wazi." Akakunja leso. "Siku zote mbili zingekuwa zako."

Hema lilikuwa na vumbi jingi lililoingia machoni, jambo ambalo pia naliwasilisha hapa kama lalamiko. Nilichoweza ni kumvulia koti, kwa kuwa upande wake ndio uliokuwa unavuja. Suti hiyo haijarudi katika umbo lake.

6. KUFIKA PAMOJA. Jumamosi tulipandishwa ndege moja, safu moja, yeye dirishani. Wodini tukaingia tumeongozana, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kusubiri zamu yake. Wilf alikuwa amekonda, amebaki macho na masikio. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Bado," alisema Enid. "Tumekuja kukusubiri wewe."

Alicheka mpaka muuguzi akaja mbio. Wilf alituketisha upande mmoja ili asisumbue shingo. Kwa siku kumi na mbili tulikaa vile, asubuhi na jioni, hakuna zamu tena. Kila daktari aliyepita alisimuliwa kuwa polisi wa Uingereza walilazimika kufunga anga lote ili kuwaingiza wadogo zake wawili katika chumba kimoja. Mimi na Enid hatukumsahihisha.

Alifariki tarehe 24 Agosti, mchana, tukiwa tunabishana taratibu kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Muuguzi alisema alikuwa anatabasamu.

Hapo ndipo uzito wa lalamiko langu ulipo, Mheshimiwa. Wilf ameondoka akiamini kwamba tumepatana. Mtu aliyekufa huwezi kumwandikia masahihisho. Tumefungwa. Mazoea niliyoyajenga kwa miaka tisa yamebomolewa na ofisi yako kwa siku mbili, na sasa Enid anakuja kwangu siku yoyote, hata Jumatano, bila taarifa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Barua yenye muhuri kuthibitisha kuwa upatanisho wangu ulifanyika chini ya shinikizo la dola.

(b) Siku nyingine mkigundua njama, wahusika wakamatwe kati ya Novemba na Februari, katikati ya wiki, wakati wazee hawasafiri.

(c) Tamko la wazi kuhusu jemu. Ni kimiminika, au si kimiminika? Nchi haiwezi kuendelea hivi.

Nafahamu una mambo mengi, na kwamba kuna watu ambao wapo nyumbani kwao jioni hii kwa sababu yenu, bila hata kujua kwamba ni wao. Huenda mmoja wao ni Enid, huenda ni mimi. Sijalipuuza hilo, nimelizingatia, na nimeona lisiniondolee haki yangu ya kulalamika.

Nisalimie maofisa wote wa hemani, hasa yule mama mwenye karatasi za njano, pamoja na waliogawa chai. Mkimpata yule mama wa Bradford, mwambieni mtoto wake alikuwa na adabu kuliko sisi sote.

Wako katika ujenzi wa taifa lenye ratiba,

Horace Akroyd
(Mstaafu)

N.B. Mwezi wa Aprili tunarudi Kanada kumwaga majivu ya Wilf baharini, kama alivyoagiza. Atakwenda pia binamu yetu Hilda Greenwood wa Hebden Bridge, ambaye tangu mwaka 1988 hasemi na mimi wala na Enid, kwa jambo lililotokea kwenye mnada wa keki. Amekata tiketi ya siku tofauti na yetu makusudi. Tumeichunguza, ni tarehe 17, saa nne asubuhi, siku moja kabla yetu. Enid na mimi tulikaa jana tukashauriana, tukaona tukuombe: je, ofisi yako haiwezi kumchelewesha kwa siku moja hivi? Njama haihitajiki kabisa. Foleni tu itatosha, na viti vitatu vilivyoshikana.