Uenyekiti wa Kamati ya Maji

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Miaka sita ninaongoza kamati ya maji ya ploti yetu, jengo la wapangaji hapa Tassia, mimi, Muturi na Mugo, wote wa ghorofa ya kwanza. Hakuna aliyelalamika. Leo Mideva, muuza mboga wa ghorofa ya tano, amenibana mlangoni. Eti watu wa juu hawana sauti. Eti sisi ndio tunaamua nani achote kwanza, na kila mara ni sisi. Anataka kila ghorofa itoe mjumbe na mambo yajadiliwe. Nikamwambia nitalifikiria. Sitalifikiria.

Jumanne, 4 Machi
Nimelifikiria. Ngazi nzima inanung'unika, na Triza, mke wangu, anasema nikubali kabla sijaaibika. Sawa, wajumbe waje. Ila mwenyekiti tumchague kwa mlolongo, kila mtu ajipange nyuma ya amtakaye. Nani ataninyima kura huku namwangalia machoni? Kanuni nimeziandika mwenyewe. Kura ni Ijumaa, siku ya maji kufunguliwa, ili watu wawepo. Akili ninayo, jamani.

Ijumaa, 7 Machi
Nilisimama langoni na tai shingoni. Mideva, mpinzani wangu, alisimama kwenye mfereji, maana leo ilikuwa zamu yake kushika mpira wa kujazia mitungi. Saa nne, saa ya kura, maji yakaja. Watu arobaini na mmoja wakajipanga kwa Mideva na mitungi yao. Kwangu alikuwepo Triza. Naye akaniomba radhi, akakimbilia mtungi.

Nikapinga. Nikasema hao wanachota maji tu. Mzee Abdijabar, msimamizi wa kura, akajibu kwa upole kwamba kanuni zangu hazikusema lolote kuhusu mitungi. Watu wakapiga makofi. Nimeumia sana. Nilikipenda kile kiti.

Jumamosi, 8 Machi
Kamati mpya imekaa. Wamebishana saa mbili, kila ghorofa na lake, wakakubaliana kuchota kwa zamu. Wiki hii wanaanza wa juu. Mideva ameniletea sukuma wiki, akasema nimewatumikia miaka mingi na kikaoni nakaribishwa. Nusura nilie.

Lakini niende kama nani? Ghorofa ya kwanza imemchagua Muturi, msaliti yule. Ndipo nikakumbuka paa. Sote tunaanika nguo kule, na paa halina mjumbe. Huo ni uonevu mtupu. Nimebandika tangazo ngazini: uchaguzi wa mjumbe wa paa, mgombea ni mimi, kwa mlolongo. Kesho alasiri, watu wakipanda kuanua nguo, ili wawe wengi.